Kumi Haikugawanywa

Beltsville, Maryland
4 Machi 2025

Kaka Sebastian,

Habari za Dodoma, na nyumba imefika wapi? Umeshapandisha bati au bado unabishana na fundi kuhusu misumari? Nakuandikia imeili kwa sababu kwenye kundi la simu kila neno linapigwa picha na kurushwa mpaka Minnesota, na hili sitaki lirushwe.

Jana asubuhi niko kiwandani kwangu, mashine zote za kufulia zinazunguka, nikafungua simu nikaona hisa moja ya Corvella, ile kampuni yetu ya dawa, ni dola kumi na mbili na senti arobaini. Ijumaa ilikuwa senti thelathini na moja. Kaka, nilikaa juu ya gunia la vitambaa vya mezani. Nikasema dawa ya selimundu imekubaliwa, basi, naachana na mashuka ya watu. Nikawa natafuta namba ya mtu wa kumringia. Halafu nikaangalia idadi. Nilikuwa na hisa elfu mbili na mia sita. Sasa nina sitini na tano.

Wamechukua kila hisa arobaini wakazibana zikawa moja. Elfu mbili mia sita kwa senti thelathini na moja ni dola mia nane na sita. Sitini na tano kwa kumi na mbili na senti arobaini ni mia nane na sita. Ile ile. Ni kama shuka, ukilikunja linakuwa nene, lakini kitanda ni kile kile. Na mimi nilitoa dola elfu kumi, mia tisa na ishirini, pesa ya mashine mbili za kukaushia. Hasira yangu iweke pembeni, nitaishughulikia mwenyewe.

Kilichonifanya nikuandikie ni kikoba. Wewe ndiwe mwenyekiti na katiba uliiandika wewe, basi nikukumbushe maneno yako. Mwaka 2021, tulipoona tuweke akiba yetu kwenye Corvella, ulisema tusiwe na vitabu viwili: hisa moja ya Corvella ihesabike hisa moja ya kikoba, kila mtu anunue kwa simu yake, Jumamosi ya mwisho wa mwezi aonyeshe skrini. Mimi mhazini nikafurahi, kazi imepungua. Tukaacha kifungu cha zamani kama kilivyo: mwanachama ni mwenye hisa zisizopungua kumi. Nani alijali? Kila mtu alikuwa na mamia.

Leo kuna watu watano wako chini ya kumi. Mmoja ni Mama Sikujua, yule fundi cherehani wa Wheaton. Alikuwa na mia tatu. Sasa nane. Na unajua mume wake, mzee Zefania, amelazwa kwa ajili ya figo tangu Januari. Kama Mama Sikujua si mwanachama, mfuko wa jamii haumtambui, na likitokea la kutokea hakuna wa kusafirisha mwili kwenda kwao Bukavu.

Niambie kwamba nimesoma vibaya.

Edah Mwakalinga
Mhazini

*

Dodoma
7 Machi 2025

Dada Edah,

Bati limepanda, fundi nimemfukuza, misumari nimehesabu mwenyewe. Salama.

Nimesoma hesabu zako mara mbili na hazina kosa. Mimi mwenyewe elfu nne zangu zimekuwa mia moja. Mke wangu alikuwa anachungulia begani, akauliza zile elfu tatu na mia tisa zimekwenda wapi. Nilipomwambia hazijaenda popote, akaondoka. Sasa anadhani nina mwanamke Washington.

Nakiri nina hamu ya kujua. Kampuni inafaidika nini kubadilisha noti arobaini ndogo kwa noti moja kubwa? Ukipata jibu nitumie.

Kuhusu watu watano, hukusoma vibaya. Kifungu cha nne kinasema kumi, na kumi ni kumi. Si mimi niliyewapunguzia, ni Corvella. Na kabla hujaanza kuniita Mpare mwenye roho ya mahakama, njia ipo: waongeze. Mama Sikujua amepungukiwa hisa mbili, hazifiki dola ishirini na tano. Ila usisahau kifungu cha saba, hisa mpya hazihesabiki kwenye msiba mpaka zitimize miezi mitatu. Anunue leo, kufikia Juni mambo ni safi.

Mpe pole mzee Zefania. Akipona tutayaongea yote kwa utulivu.

Sebastian Mbwambo
Mwenyekiti

*

Beltsville
10 Machi 2025

Mwanangu Dakarai,

Nakuandikia kwa Kiswahili makusudi. Kwa Kiingereza utanijibu kama ofisi ya wanahisa ya Corvella inavyotakiwa kujibu, na mwanasheria atakuwa amekaa begani kwako. Kwa Kiswahili labda utanijibu kama kijana aliyekuja kiwandani kwangu kuchukua makoti ya maabara, akaniamkia shikamoo, nikadondosha pasi kwa mshangao maana sikutegemea mtoto wa Baltimore awe amekaa Iringa miaka miwili.

Nataka kuelewa, sitaki kugombana. Kugombana nitagombana baadaye.

Moja, kwa nini arobaini? Mbili, zile hisa zilizopunguka zimekwenda wapi, zimechomwa? Tatu, mtu mwenye hisa mia tatu, ukigawa kwa arobaini unapata saba na nusu. Simu yake inaonyesha nane. Nani kamzawadia nusu? Na la mwisho ni la biashara yangu. Mwaka juzi mlikuwa mnaniletea makoti tisini na sita kwa wiki. Wiki iliyopita yalikuja arobaini na moja. Bei imepanda mara arobaini na makoti yamepungua zaidi ya nusu. Sasa niamini bei au niamini makoti?

Mama Edah

*

Rockville, Maryland
13 Machi 2025

Shikamoo Mama Edah,

Nimefurahi sana kupokea barua yako, na nimeogopa kidogo. Ninaandika kwa Kiswahili nilichofundishwa darasani na kusahihishwa na akina mama wauza nyanya wa Iringa. Ukiona kosa, ni la darasani.

Nitakueleza yale tu ambayo kampuni imekwisha kuyatangaza kwa watu wote. Soko la hisa linataka bei ya hisa isikae chini ya dola moja kwa muda mrefu. Ikikaa chini, kampuni inaonywa, kisha inaondolewa sokoni. Sisi tulikuwa kwenye senti thelathini na kitu. Tungeondolewa, ingekuwa vigumu mno kupata fedha za majaribio ya dawa. Kuziunganisha hisa ni njia ya kupandisha bei bila kubadilisha thamani. Kwa nini arobaini hasa? Wanahisa walipiga kura mwezi Desemba, wakaipa bodi ruhusa ya kuchagua namba yoyote kati ya kumi na hamsini. Bodi ikachagua arobaini. Bahasha ya kura ilitumwa kwako pia, mama.

Hisa hazikuchomwa, zimeunganishwa. Kulikuwa na milioni mia moja na ishirini mikononi mwa watu, sasa kuna milioni tatu. Mwenye kipande amepandishwa hadi hisa nzima, ndiyo maana saba na nusu imekuwa nane.

Kuna jambo hukuliuliza, nami naona si haki kunyamaza kwa kuwa limo kwenye ukurasa wa kumi na nne wa tangazo. Katiba ya kampuni ina kikomo cha hisa ambazo inaruhusiwa kuzitoa kwa jumla. Kikomo hicho ni milioni mia mbili. Hisa za watu zimegawanywa kwa arobaini. Kikomo hakikugawanywa.

Swali la makoti siwezi kulijibu. Naomba unisamehe.

Kwa heshima,
Dakarai

*

Beltsville
16 Machi 2025

Kaka Sebastian,

Uliomba jibu, hili hapa, kaa chini.

Yule kijana Dakarai wa ofisi ya wanahisa amenijibu. Wamebana hisa ili wasifukuzwe sokoni, sawa, hilo nalielewa. Hata mimi mwenye nyumba akinitishia nitapaka rangi ukuta. Lakini sikia hili. Kampuni ilikuwa na ruhusa ya kutoa hisa milioni mia mbili. Milioni mia na ishirini zilikuwa kwetu, kwa hiyo nafasi ya kutoa mpya ilikuwa milioni themanini. Wakatubana sisi tukawa milioni tatu. Ruhusa yao wakaiacha mia mbili. Sasa nafasi ya kutoa mpya ni milioni mia moja tisini na saba, na kila moja ni nene kama zetu. Zamani wangezimwaga zote, sisi wanahisa tungebaki na fungu la tatu kwa tano, senti sitini katika kila dola. Leo wakizimwaga zote, tunabaki na senti moja na nusu katika kila dola.

Na tuliwapa ruhusa wenyewe! Bahasha ya kura ilikuja Novemba. Mimi niliitupa na vipeperushi vya piza. Nimewauliza wanachama wote walioko huku, hakuna hata mmoja aliyeifungua. Wewe je?

Nilipokuwa napiga hesabu hizi kwa hasira, kalamu ikasimama. Kaka, sisi tumefanya nini kwenye kikoba? Tumegawa hisa za watu kwa arobaini. Kumi hatukuigawa.

Angalia. Mama Sikujua alikuwa na mia tatu, mlango ulikuwa kumi. Alikuwa mara thelathini ya kiwango. Hisa zake zikigawanywa kwa arobaini, na mlango ugawanywe kwa arobaini. Mlango unakuwa robo ya hisa. Ana nane. Hajapungukiwa, amezidi kuliko zamani. Tunawalaani wakubwa wa Corvella kwa ujanja ambao sisi tumeufanya bila hata kuwa na faida nao.

Mwenyekiti anaweza kutafsiri katiba, umeshafanya hivyo mara mbili. Andika mstari mmoja tu: kumi ilimaanisha kumi za zamani.

Niliwahi kumwambia Mama Sikujua nimnunulie hizo hisa mbili. Alikuwa anapima suruali ya mteja, pini mdomoni. Akazitoa pini moja moja, akaniuliza, "Nikinunua, niko ndani leo?" Nikasema Juni. Akarudisha pini mdomoni.

Zefania hali si nzuri. Wanamsafisha damu kwa mashine mara tatu kwa wiki.

Edah

*

Dodoma
22 Machi 2025

Dada Edah,

Sikuifungua bahasha. Nilikuwa nimeshaondoka huko, iko kwa shemeji yangu Temple Hills, ameweka sufuria juu yake.

Hesabu yako ya milioni mia mbili imenikosesha raha. Nimemweleza jirani yangu hapa, mwalimu wa hesabu mstaafu, naye amekataa kuamini kwamba sheria inaruhusu. Nimemwambia inaruhusu, tena walituomba, na tulikubali kwa kunyamaza. Akaniuliza, "Mwaka mzima mlikuwa mnaangalia nini?" Nikamwambia bei.

Lakini usinichanganyie mambo mawili. Mwenyekiti anatafsiri neno lisiloeleweka. Kumi inaeleweka. Nikianza kusema kumi ni robo, mwakani atakuja mwingine atasema kumi ni sifuri. Wewe ulikuwepo mwaka ule mtu alipojiunga Jumapili akafiwa Alhamisi, tukamwaga mfuko wote, na mwezi uliofuata hatukumwona tena. Kifungu cha saba kilizaliwa siku ile, na wewe ulinyoosha mkono. Wanachama wanaolipa kwa jasho wanataka kujua kwamba mlango una kitasa.

Kama unataka kubadilisha katiba, utaratibu upo. Mhazini anaweza kuitisha mkutano. Theluthi mbili ya hisa zenye kura. Si theluthi mbili ya watu, ya hisa. Hilo nalo liliandikwa, na mwaka ule ulilisifu kwa sababu wewe ulikuwa nazo nyingi.

Na usiniandikie habari za mgonjwa kana kwamba mimi ni jiwe. Mgonjwa namjua.

Sebastian

*

Beltsville
8 Aprili 2025

Sebastian,

Zefania amefariki juzi Jumapili, asubuhi, watu wakiwa kanisani.

Nimeitisha mkutano jana kwangu kiwandani, tumekaa juu ya makreti ya sabuni. Hoja ni moja: kumi igawanywe kwa arobaini kuanzia siku ile ile hisa zilipogawanywa. Wale watano hawakuruhusiwa kupiga kura, kwa katiba yako. Mumbi wa Silver Spring alisimama akasema yeye ni Mkenya na kwao mambo kama haya mtu angesharushiwa kiti. Akaambiwa aketi.

Jumla ya hisa zenye kura ni mia tatu arobaini na nne. Theluthi mbili ni mia mbili na thelathini. Tumepata ndiyo mia moja arobaini na moja. Mia moja na tatu wamesema hapana au hawakuja, wakiwemo wawili walioniambia kwa uso mkavu kwamba watu watano wakitoka, mfuko unawatosha wanaobaki. Nimewaandika majina kichwani.

Zimebaki mia moja, na zote ni zako.

Mwili uko mochwari, nimewapa dhamana kwa kadi ya kampuni yangu. Kusafirisha mpaka Bukavu ni dola elfu kumi na mia nne. Mfuko una elfu kumi na nne. Mama Sikujua hajanipokelea simu tangu Jumapili. Nimegonga mlango wake, binti yake Riziki akafungua, akasema kwa Kiingereza mama amelala. Kiatu cha mama kilikuwa mlangoni na cherehani ilikuwa inalia.

Sitakushawishi. Hesabu unayo.

Edah

*

Dodoma
9 Aprili 2025

Edah,

Hisa zangu mia moja: ndiyo. Waonyeshe barua hii, na kama wanataka sauti yangu wanipigie.

Nimegawa kumi kwa arobaini kwa kalamu, kwa kikokotoo cha mwalimu, na kichwani nikiwa nimelala. Inatoka robo kila mara. Hilo nilikuwa nalijua tangu barua yako ya Machi. Sikutaka kuwa mtu aliyeandika kifungu halafu akawa wa kwanza kukivunja. Nilitaka mkutano univunjie.

Mmepata ndege? Wapitishe Addis halafu Kigali, barabara ya kuvuka kwenda Bukavu ni fupi. Ila ulizieni mpaka kama unapitika kabla ya kulipa. Nina mtu Kigali anayeweza kupokea jeneza. Nipe tarehe.

Sebastian

*

Wheaton
10 Aprili 2025

Kwa Mama Edah,

Naandika na Kiswahili ya kwetu Bukavu, usinicheke. Kwa simu nitalia, na miye sipendi kulia mbele ya mashini.

Dakarai, ule kijana mweusi wa kampuni, alikuja hapa jana na maua, alisema alisikia musiba kwako. Alisema bamemufukuza kazi pamoja na batu wengine mingi, njo maana iko na wakati. Alinieleza pole pole ile mambo ya arobaini kuwa moja. Nilimwuliza swali moja tu: ile dawa bangali banaipika? Alisema bangali banaipika, na batu kidogo. Mama Edah, mwezi yote hakuna mutu wa kikoba aliuliza ile. Bote munauliza bei. Miye nilinunua mia tatu juu ya damu ya Riziki, ile selimundu yake. Ikiwa nane ao mia tatu, ni ile dawa moja.

Sasa nisikilize. Barua yenye umenitumia, yenye inasema mumepiga kura na mutalipa ndege, nimeisoma. Mersi mingi. Lakini nani alikuambia nataka kumupeleka Bukavu? Riziki hawezi panda ndege ya masaa ile yote na damu yake, daktari alikatala. Nikimupeleka papa yake kule, ataona kaburi yake siku gani? Na kule kwetu leo kuko vita, nani atafagia? Papa ya Riziki tulisema naye toka Februari. Atazikwa hapa, karibu na njia ya basi yenye mutoto anaweza kupanda peke yake. Pahali tumeshalipia, kidogo kidogo, na suruali za batu.

Kitu yenye tulikuwa tunataka kujua ilikuwa ingine. Siku ile ya Machi bamesema hatuko memba, mzee alimupigia mwenyekiti simu toka lopitali. Hakuomba feza. Alimwuliza: "Ndugu Sebastian, nikikufa, batu batakuja?" Kwetu mutu akizikwa na batu bane ni kama mwizi. Mwenyekiti alimujibu: "Nitauliza kikao." Mzee aliweka simu chini, akaniambia, bataenda kuuliza kikao. Alicheka, lakini alikuwa na huzuni.

Njo maana sikufungua mulango. Nilikuwa nashona suti yake.

Mazishi ni Jumamosi saa ine ya asubuhi. Sijui kama ni lazima kupiga kura.

Sikujua

*

Beltsville
10 Aprili 2025, jioni

Mama Riziki,

Tunakuja. Sikumwuliza mtu.

Edah

*

Beltsville
28 Aprili 2025

Kaka Sebastian,

Umenyamaza tangu nikutumie nakala ya barua ya Mama Sikujua, na mimi nimenyamaza tangu nijue mzee Zefania alikupigia. Wiki mbili na nusu zinatosha. Ungeniambia mwezi wa tatu kwamba mzee aliuliza hivyo, mimi nisingekaa kutafuta bei za majeneza ya ndege. Wewe ulifikiri anauliza habari ya pesa kwa adabu. Mimi nilifikiri hivyo hivyo bila hata kupigiwa simu. Kwa hiyo tuko sawa, na sitalirudia.

Nimeambiwa umempigia Mama Sikujua siku ya tatu baada ya mazishi mkaongea saa nzima. Hajanieleza mlichoongea. Nimemwuliza mara mbili, akaniuliza kama nguo zimekwisha kiwandani mpaka nitake kufua na mambo yake.

Basi nikusimulie Jumamosi ile. Nilifunga kiwanda, mara ya kwanza tangu theluji kubwa. Wanachama walikuja kumi na saba, pamoja na wale wawili wa uso mkavu. Mmoja alibeba jeneza, na alilibeba upande mzito. Wakongo walikuja basi zima kutoka Baltimore. Mumbi alipika chapati usiku kucha, akagombana na kila aliyesema ni nene. Dakarai alikuja na koti la suti linalombana, akasimama nyuma, mpaka Wakongo walipoanza kuimba na yeye akajikuta anajua maneno, akasukumwa mbele. Riziki alisimama na mama yake bila kulia, anahesabu watu. Nilimwona midomo inacheza. Aliponiona namwangalia akasema kwa Kiingereza, mia moja na kumi na mbili, halafu akarudia kwa Kiswahili polepole, akihakikisha namba zote zipo. Sikuwahi kumsikia Kiswahili chake. Ni kizuri.

Corvella imetoa hisa mpya wiki iliyopita, kama tulivyojua. Bei ni dola tatu na senti themanini na tano. Zangu zote sitini na tano zimebaki dola mia mbili na hamsini na senti ishirini na tano. Makoti wiki hii yamekuja kumi na tisa. Bado nayafua. Bado nayahesabu pia, na nikikuta limechafuka kwelikweli, na madoa ya kazi, nafurahi kama mjinga, maana kuna mtu alikuwa anapika kitu ndani yake. Nimemwandikia bosi wao mpya nikamwuliza lile swali la Mama Sikujua. Hajajibu. Nitamwandikia kila Jumatatu. Bahasha ya kura inayofuata sitaitupa, na nimewaambia wanachama wote watakaoitupa nitawafulia nguo zao kwa maji ya moto.

Katiba mpya nimeiandika rasimu, utaisahihisha, najua huwezi kujizuia. Kura ni mtu mmoja, kura moja. Hisa za Corvella zihesabiwe huko huko Corvella. Kuhusu mlango nimeandika na kufuta mara nne, nimeshindwa. Kila namba niliyoweka niliona sura ya mtu aliyeko chini yake.

Ikabidi nimwulize Mama Sikujua, maana kisheria bado hakuna aliyemwuliza kama yeye mwenyewe anataka kubaki. Nilimkuta anapinda suruali. Nikamweleza vifungu vyote, kura ilivyokwenda, hisa zako mia moja, robo ya hisa, tafsiri mpya. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akakata uzi kwa meno.

"Mama Edah, Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa tano, mukutano ni zamu ya nani?"

Nikaangalia kwenye simu. Ilikuwa zamu yake. Nikamwambia hakuna anayemtegemea, ana msiba, tutahamishia kwangu.

"Nimeuliza zamu ya nani."

"Yako."

"Mutakuwa bangapi?"

Nikamwambia kumi na tisa, tukikutoa wewe uliyeko Dodoma, kumi na nane.

Akasema atapika chakula cha watu thelathini, kwa sababu ameshaona sisi tunavyohesabu.

Edah